Pipa Lenye Komeo

Vipeperushi vilianza kuja Septemba.
Sanduku la barua kando ya barabara likavimba
kama ng'ombe aliyekula majani mabichi yenye umande.
Kila karatasi ina wanafunzi watatu, wameketi kwenye nyasi
zilizonyolewa sawasawa, wanacheka.
Wanachekea nini, sijui.
Hakuna hata mmoja mwenye tope.

Linnea akavipanga juu ya meza ya jikoni,
akavikandamiza kwa chupa ya dawa ya ndama.
"Baba, chagua."
Mimi, niliyeacha shule mwaka ule baridi ilipotuulia ng'ombe arobaini,
nichague nini?
Nikamjibu wanavyosema: mchagua jembe si mkulima.
Akanitazama. Kisha akatazama ukutani
linapotundikwa beleshi langu, ambalo mpini wake
nimeubadilisha mara tatu mpaka ukakikubali kiganja.
Hakusema neno.
Nami nikanyamaza.

Basi tukawasha pikapu.

Cha kwanza, saa tisa njiani.
Kijana aliyetutembeza alikwenda kinyumenyume
(nilihofia ataangukia maua)
akituonyesha ukuta wa kukwea, mawe ya plastiki
mekundu na ya manjano kama peremende.
"Wapendao nje," akasema, "wote huja humu ndani."
Linnea akauliza: usiku mnaona nyota ngapi?
Akacheka, akidhani ni mzaha.
Taa za maegesho zilikuwa zimeshawaka,
na jua lilikuwa bado halijatua.

Cha pili kilikuwa kizuri, sitasema uongo.
Maktaba yenye ngazi za marumaru, na mto unaopita katikati
ndani ya mfereji wa saruji, umenyooka kama askari.
Walitupa nusu ya karo, na barua yenye muhuri.
Nusu ya karo ni ndama kumi na wawili;
nilipiga hesabu chooni, kwa vidole.
Tulipofika garini nikamwambia, hapa.
Akasema, "Ule mto, Baba.
Hauna mahali pa samaki kujificha."

Nilikasirika kwa maili themanini.
Nilitaka kumwambia samaki hawalipi karo.
Nilitaka kumwambia mama yake angesema nini,
lakini mama yake ndiye aliyemfundisha kufunga ndoano.

Cha tatu nusura tukipite.
Kituo cha mafuta, kanisa, duka la chambo, halafu chuo:
matofali yaliyochoka, mabomba yanayogonga ndani ya kuta.
Bi. Verla wa ofisini alikuwa na plasta kidoleni
na harufu ya moshi wa kuni kwenye sweta.
Alitembea akiangalia mbele.
Akatuonyesha chumba cha kuvulia buti,
jokofu la nyama ya msimu wa kuwinda,
mlima ambao mwalimu wa miamba huufanya darasa, mvua isimzuie.
Kisha, bila kuulizwa: daktari yuko maili sitini,
na Februari wapo wanaolia.
Nilimpenda kwa hilo la mwisho.

Nyuma ya jiko palikuwa na pipa la taka, la chuma,
lenye komeo zito la kuwazuia dubu.
Linnea akaingiza mkono chini ya kifuniko,
akaitafuta kufuli kwa vidole, macho yako mlimani,
kama anavyofungua lango la zizi gizani.
Ta! Likafunguka.
Akalifunga. Akalifungua tena.
Ndani, maganda ya viazi tu.
Akageuka na uso ambao sikuuona
tangu Septemba, tangu sanduku lilipoanza kuvimba.

Hawa wanatoa robo.
Ndama sita zaidi, basi, na lile trekta litasubiri.
Nikamwambia nakwenda kukagua gurudumu la nyuma,
gurudumu ambalo halikuwa na neno,
nikachuchumaa pale, mkono juu ya mpira,
nikisikia komeo likilia ta, ta, kule jikoni.

Akaja, kivuli chake kikanifunika.
"Linavuja?"
"Kidogo," nikasema.